Mchoraji Husimama

Buhongwa, Mwanza
8 Februari 1998

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila kila kitu kimelowa. Mvua hizi za El Nino hazijakoma tangu kabla ya Krismasi. Barabara ya Shinyanga imekatika mara mbili, mihogo ya mama imeoza ardhini, na ukuta wa choo umeanguka upande wa jirani, kwa hiyo siku hizi tunaingia kwa kukohoa. Modesta amevuka mtihani, yuko kidato cha tatu. Baba hajambo. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kazini mikono imejaa grisi, mama anamkataza kushika mlango? Tangu wapunguze watu pale karakana ya vivuko mikono yake ni misafi kabisa, na huu ni mwaka wa tatu. Anafyeka nyasi ambazo hazijaota.

Habari yenyewe ni hii. Karakana imeuzwa. Mwekezaji amenibakiza mimi peke yangu katika chumba cha michoro, kwa sababu ni mimi tu niliyewahi kushika kompyuta chuoni. Ameleta kompyuta moja na programu ya kuchora vitu vizima, siyo mistari mitupu: unachora kipande, unachora kingine, unaviunganisha kwenye kioo, ukivuta kimoja vingine vinafuata. Imekuja kwenye diski bila kitabu. Nilipomwuliza meneja wetu mpya, Bwana Chenge, kitabu kiko wapi, alinijibu, "Kitabu ni wewe, binti."

Kazi ya kwanza ni kivuko kidogo cha mfanyabiashara mmoja, cha kuvusha malori ya samaki kutoka kisiwani. Mlango wake wa mbele unateremka na kuwa daraja, na unainuliwa na jeki mbili za mafuta. Sasa jeki yenyewe huyumba mlango unapokwenda, kwa hiyo bomba la chuma haliwezi kuifikia. Kipande cha mwisho lazima kiwe bomba la mpira. Hapo ndipo nimekwama. Kompyuta inajua vitu vigumu tu. Nimechora mpira mzuri, nikauunganisha, nikateremsha mlango. Mlango umekwenda, jeki imekwenda, mpira umebaki hewani umejikunja vilevile, kama mkia wa ng'ombe aliyekufa. Uliwahi kuniandikia kwamba ofisini kwenu mnatumia programu hii hii kuchora mashine za maziwa. Mashine za maziwa zina mipira mingi. Niambie mnafanyaje.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Baba ameahidiwa kazi kwenye kivuko hicho. Ndiye atakayesimama mlangoni na kushika wenzo wa kuuteremsha na kuuinua. Ameahidiwa kwa mdomo tu, lakini ameshanunua buti. Pale atakaposimama, ukinyoosha mkono unagusa mpira. Mafuta yenye nguvu ya kuinua mlango wa chuma yakipata pa kutokea hayachagui. Na tangu msiba wa meli mwaka juzi, Mwanza hakuna anayeangalia chombo cha majini bila kutafuta kosa lake.

Bila shaka unaikumbuka ile desturi ya karakana aliyokuwa akitusimulia baba: siku ya jaribio mchoraji husimama. Anasimama palepale atakaposimama mfanyakazi, ndipo mafundi wanafungulia mafuta. Mchoraji akikataa, hakuna anayegusa koki. Mwekezaji amenunua majengo na mashine, desturi hakuambiwa, lakini bado ipo.

Mchoraji sasa ni mimi.

Mdogo wako,
Wilhelmina


Aarhus
3 Machi 1998

Mdogo wangu injinia,

Marahaba, marahaba. Choo cha kukohoa kimenichekesha mpaka jirani yangu Mdenishi akagonga ukuta, akidhani nimepata habari mbaya. Huku theluji imegeuka tope. Niko mzima, mafua tu.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni kuuchora mpira kama kitu. Mpira si kitu, ni njia. Chora mstari wa mpindo. Ncha moja ifunge kwenye bomba, ncha ya pili kwenye jeki, halafu uvishe unene. Ncha zikisogea, mstari unajitafutia njia wenyewe. Iache kompyuta ihangaike, ndiyo kazi yake. Utaona mlango unateremka na mpira unafuata kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mwambie baba nimefurahi kuhusu buti. Mwambie asizivae kabla ya siku yenyewe, atachekwa.

Na mama anasemaje? Unaniandikia mihogo yake, hujawahi kuniandikia neno lake. Bado ana kinyongo kuhusu msiba wa babu? Ningeweza kuja ningekuja, Mina. Unajua.

Kaka yako,
Mihayo


Buhongwa
5 Aprili 1998

Kaka,

Shikamoo. Leo ni Jumapili ya Matawi, mama na Modesta wako kanisani, mimi nimebaki na kichwa kinachouma. Shangazi Odeta amekuja kutoka Kisesa na kuku wawili, na ametangaza kwamba hataondoka mpaka aone mchumba wangu. Nimemwambia atazeekea hapa. Akasema, "Hata wewe."

Imekubali. Nilifunga ncha kama ulivyosema, nikashika mlango kwa kipanya nikaushusha polepole, na mpira ukainama, ukajipinda, ukafuata. Nilirudia mara nyingi sana bila kumwita mtu. Halafu Kija, yule mchomeleaji wa Magu anayejua jina la kila mtu, akachungulia dirishani, akapiga ukelele: "Jamani njooni! Dada Mina amefuga nyoka!" Chumba kikajaa. Chenge akaja na wageni wake wa ofisi, akashika kipanya mwenyewe, akapandisha na kushusha mlango kama mtoto na swichi ya taa. "Hivi ndivyo Ulaya wanavyofanya," aliwaambia. Hajui kwamba ni hivyo hasa.

Papo hapo akaagiza mipira Nairobi. Vipimo vimechukuliwa kwenye mchoro wangu, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ndivyo mchoro wa kivuko kizima unavyochapwa. Ncha za chuma zinabanwa hukohuko kwa mashine, kwa hiyo ikishafika hapa hairefushwi wala haifupishwi. Nilimwomba asubiri barua yako moja zaidi. Akaniuliza kama posta ndiyo inayojenga kivuko.

Swali langu ni hili, na ninaomba unijibu kabla ya mengine yote. Ule mstari, ncha zikisogea, unabaki na urefu uleule? Wewe ulijaribu kwenye mashine yako kabla ya kuniandikia?

Baba anafanya mazoezi. Amechomeka mti ardhini nyuma ya jiko, anauvuta na kuusukuma, anahesabu. Shangazi Odeta anasema amepagawa. Hakuna anayecheka zaidi ya shangazi.

Wilhelmina


Aarhus
29 Aprili 1998

Mina,

Marahaba. Habari zenu zimenifurahisha. Msalimie shangazi, mwambie huku wapo wachumba tele, ila hawali kuku wa kienyeji.

Majani yameanza kutoka. Watu hapa jua likichungulia kidogo wanakaa nje na makoti, macho wamefumba, hawasemi. Mwanzoni nilidhani wanasali.

Kuhusu mpira, nimefurahi sana kwamba umekubali. Usiwe na wasiwasi mwingi. Tangu utoto wewe ni mtu wa kufunua sufuria kila dakika kuona kama ugali upo. Mstari ukifungwa vizuri umefungwa.

Samahani kwa karatasi hii, nimeishiwa ile nzuri.

Mama anasemaje?

Mihayo


Buhongwa
24 Mei 1998

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Wote wazima. Mvua imeacha.

Nimepima. Programu ina mahali pa kuuliza urefu wa mstari, nimepagundua mwenyewe Jumatano. Mlango ukiwa juu, mpira una sentimita tisini na moja. Nikiuteremsha hadi chini, una tisini na nane. Kwenye kioo unakua, kaka. Kila ncha zinapoachana, kompyuta inaongeza mpira kidogo ili mstari ufike, wala haisemi, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba mpira haukui. Ndiyo maana ulionekana mzuri vile.

Mipira iliyofika kutoka Nairobi ina tisini na moja.

Nimekwenda kwa Chenge na karatasi. Aliisoma, akaiweka chini, akacheka.

"Sentimita saba! Mina, mpira unavutika. Ndiyo maana hawakuweka chuma."

"Huu una waya ndani, mzee. Haurefuki. Ukijaa mafuta ndio unanywea kidogo."

"Nani kasema?"

"Kitabu cha chuoni."

"Si ulisema huna kitabu?"

Akaniambia tajiri wa samaki amekwisha waalika wageni, kwamba kuagiza upya ni wiki nyingi, kwamba wewe uliye Ulaya umetuonyesha njia na mimi niliye Mwanza naikataa. Sikuwa nimemwambia kwamba njia ilitoka kwako. Nadhani baba alimwambia, kwa kujivuna.

Ijumaa nilikwenda Posta kupiga simu ofisini kwako, namba ile uliyotuachia. Alipokea mwanamke, akahamia Kiingereza haraka. Akasema hakuna mtu wa jina lako. Nikalitamka tena, herufi kwa herufi. Akasema kampuni imenunuliwa na wengine, ofisi ya michoro imefungwa tangu mwaka jana. Alikuwa mpole. Dakika zangu zikaisha.

Sikuulizi uko wapi. Nakuuliza nilichokuuliza Aprili. Ulijaribu kwenye mashine, au uliniandikia kwa kukumbuka?

Jaribio ni Jumamosi, tarehe 13 Juni.

Wilhelmina


Vestergade, Aarhus
8 Juni 1998

Mina,

Barua yako nimeipata leo asubuhi na naandika nimesimama. Usisimame. Baba naye asisimame. Mwambie Chenge lolote, mwambie mimi ndiye nimekosea, mwambie unaumwa.

Jumamosi iliyopita, kabla hata barua yako haijanifikia, nilimwomba mtu mmoja aniruhusu nikae kwenye mashine yake. Nimeona ulichoona. Namna ni hii: urefu unaupanga wewe, mmoja, usiobadilika. Unachora mpira mara tatu, mlango juu, mlango katikati, mlango chini, kila mmoja kwa urefu huohuo, na unaficha miwili unapoonyesha mmoja. Hautafuata kwa uzuri. Hakuna atakayepiga makofi. Halafu tazama pale unapojikunja sana. Mpira una mpindo wake wa mwisho, ukiulazimisha zaidi waya unavunjika kwa ndani na huoni kitu. Toa urefu wa kutosha mlango ukiwa chini, ongeza wa kunywea, halafu hakikisha ukiwa juu ziada hiyo haikamatwi na bawaba. Mita moja na sentimita kumi ingetosha, kwa jinsi ulivyoeleza.

Napeleka posta sasa hivi. Najua haitafika.

Mihayo


Buhongwa
28 Juni 1998

Kaka,

Shikamoo. Shangazi Odeta amerudi Kisesa. Modesta ana malaria lakini anakula. Barua yako ya tarehe nane imefika juzi. Nimeisoma mara mbili, nimeikunja. Nimeona pia ulivyoandika "mashine yake", na nimeona jina la mtaa ulio juu ya karatasi, ambao si ule wa zamani. Tuyaache hayo kwanza. Nakueleza Jumamosi ile ilivyokuwa, kwa sababu baba hatakueleza.

Kivuko kilikuwa kwenye reli zake, mdomo umeelekea ziwani. Tajiri wa samaki alikuja na watu wake, wamevaa viatu vyeupe, wamekaa kwenye viti vilivyoazimwa parokiani. Mafundi wote walikuwepo. Mipira ilikuwa imefungwa, mlango ukiwa juu, na ilionekana sawa kabisa. Inakaa vizuri, ina mpindo wa kupendeza. Mtu yeyote angeiangalia angesema nimechora vizuri.

Chenge akasema tuanze. Hakuna aliyesogea. Akauliza kuna nini. Kija akamwambia, "Tunamsubiri mchoraji, mzee. Mchoraji husimama."

"Asimame basi."

Nilikuwa nimekaa juu ya pipa tupu, karibu na pampu. Nikasema, "Sisimami."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nilikuwa na karatasi mfukoni yenye vipimo viwili. Lakini haikuhitajika. Kwao lile neno lilitosha. Mwenye pampu aliondoa mkono wake kwenye koki, akaufuta kwenye suruali. Mmoja akawasha sigara. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nikawaza: imekwisha, wataagiza mingine, basi.

Chenge alikuwa mwekundu macho, anamwangalia tajiri, tajiri anaangalia saa. Ndipo baba akatoka nyuma ya watu. Alikuwa amevaa zile buti. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba njia:

"Huyu mtoto anaumwa. Mimi ndiye niliyemzaa. Nasimama badala yake."

Kumbe hilo nalo limo katika desturi. Hakuwahi kutusimulia sehemu hiyo. Mchoraji akiugua, mzazi wake au mwalimu wake anaruhusiwa. Niliona mafundi wazee wakitazamana na kukubali kwa vichwa. Kija akasema, "Mzee Machibya, una hakika?" Baba akacheka. "Nimesimama karakana hii kabla hujaota meno. Fungueni."

Akapanda. Akasimama pale, mkono kwenye wenzo. Hakuniangalia. Alikuwa amenyoosha mgongo kama siku ya kupokea mshahara. Nilimwelewa, kaka, hilo ndilo baya zaidi. Alikuwa anaokoa kazi yake, na alidhani anaokoa na yangu. Hakuwa na nguvu ya miaka mitatu mingine ya kufyeka nyasi. Na labda aliniamini zaidi ya nilivyojiamini: mtoto wake amesoma, mtoto wake mwingine yuko Ulaya, itakosewaje?

Nikashuka kwenye pipa. Nikamwambia Kija, "Nipe msumeno." Alinipa. Hakuuliza wa nini. Alikuwa ameushika tu, msumeno wa chuma, hata bledi ilikuwa mpya. Nikaenda kwenye mpira wa kushoto nikaanza kukata.

Mpira wenye waya haukatiki upesi. Gome la juu linaachia, halafu unafika kwenye waya na msumeno unateleza, unalia. Nilikata mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Chenge alipiga kelele kwa lugha tatu. Mtu yeyote alikuwa na nafasi ya kutosha ya kunikamata, na hakuna aliyenikamata. Ulipoachia, mafuta kidogo yalinimwagikia viatuni, mafuta baridi yasiyo na nguvu yoyote. Nikaenda wa kulia. Baba alikuwa juu yangu, ningeweza kugusa buti yake. Nilisikia anapumua. Aliniambia neno moja, kwa Kisukuma, na sitaliandika.

Nilikata na huo.

Tajiri na watu wake waliondoka kwanza. Chenge alinifukuza mbele ya wote, na Jumatatu akanipa na barua ya kunifukuza. Alhamisi wakaja kuniita. Hakuna mwingine anayeweza kufungua faili. Sasa ninafanya kazi palepale kwa siku, kibarua, sina mkataba. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimekwisha chora mpira mara tatu, juu, katikati, chini. Umesema kweli, si mzuri. Unarukaruka kutoka hali moja kwenda nyingine kama picha za kalenda. Mita moja na kumi na mbili. Tulitofautiana kidogo.

Baba hasemi na mimi. Mama anapika, anatuangalia.

Nimechoka.

Wilhelmina


Aarhus
16 Agosti 1998

Mina,

Marahaba. Ninafua mashuka ya hospitali. Tangu Novemba mwaka jana. Ni mashine kubwa, mvuke mwingi, siyo kazi mbaya. Niliandika kwa kukumbuka.

Sijui kama natakiwa kuuliza, lakini nalala nalo. Ungeacha, mpira ungepasuka kweli? Sentimita saba. Pengine ungechomoka tu kwenye ncha, mafuta yakamwagika chini, baba akaruka. Pengine mlango usingefika chini kabisa, wangeona, wangesimamisha.

Usikasirike. Nauliza kwa sababu yeye naye atakuwa anajiuliza.

Mama anasemaje?

Mihayo


Buhongwa
18 Oktoba 1998

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Huku vumbi limerudi, watu wanalilia mvua waliyoilaani mwanzoni mwa mwaka. Modesta amepona na amekata nywele. Ukuta wa choo umejengwa, jirani amechangia kokoto, nadhani kwa kuchoka kutusikia.

Unauliza kama mpira ungepasuka. Sijui. Hesabu inasema usingefika, kwa hiyo kitu kingeachia, na pale penye kuachia ndipo alipokuwa amesimama. Lakini hakuna aliyeona, na sasa hakuna atakayeona. Mipira mipya ilifika mwisho wa Julai, ikafungwa. Nilisimama mimi mwenyewe, mlango ukashuka, ukapanda, watu wakapiga makofi kidogo wakaenda kula. Mipira inayofanya kazi haithibitishi chochote kuhusu ile iliyokatwa. Chenge anawaambia wateja kwamba binti wa michoro aliwahi kupata kichaa cha jua. Baba naye, nimesikia, anawaambia wenzake gatini kwamba ile ya kwanza ingefanya kazi tu. Simlaumu. Akisema isingefanya kazi itabidi aseme pia alisimama wapi.

Kazi aliipata. Alianza Agosti. Anatoka alfajiri, anarudi mikono imejaa grisi, mama anamkataza kushika mlango. Nyumbani akitaka chumvi anamwambia Modesta, na Modesta ananiambia mimi niliye na chumvi mkononi. Modesta anasema atadai posho ya ukalimani.

Umeniuliza kuhusu mama katika kila barua na sijakujibu. Sikukujibu kwa sababu hakuwa anasema kitu. Tangu tumzike babu na Shigela wa baba mkubwa akatupa udongo kaburini badala yako, kwa kuwa hukuja, jina lako lilikuwa halitoki kinywani mwake. Nikisoma barua zako kwa sauti alikuwa anaondoka kwenda kuangalia moto. Sikuona namna ya kuliandika hilo.

Ile ya Agosti niliisoma akiwa amekaa, anachambua mchele. Nilifika kwenye mashuka. Hakuondoka. Aliendelea kuchambua, akasema, "Mvuke huo haumchubui mikono?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwulize." Kwa hiyo nakuuliza. Lakini ukijibu, usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa jina lake, Suzana, juu ya bahasha. Usimwandikie habari za ofisi, wala za kurudi kama hurudi. Mwandikie kuhusu mikono.

Jumanne nilitumwa kisiwani kupima gati la kupakia barafu ya samaki. Kivuko ni hicho hicho kimoja. Nilisimama kwenye foleni ya waenda kwa miguu, nyuma ya mwanamke mwenye beseni la dagaa. Mlango ulishuka. Niliangalia mipira, siwezi kutoiangalia; ilifunguka taratibu, ikabaki na ziada ya kutosha, haikugusa bawaba. Baba alikuwa kwenye wenzo. Alikuwa anawaambia watu kile anachowaambia siku nzima, miguu kwanza, magari baadaye, mama shika mtoto, wewe na baiskeli subiri.

Nikafika mbele yake. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Aliangalia wenzo, akauhakikisha kwa mkono ingawa haukuwa umesogea.

"Marahaba," akasema. "Pita upande huu wa kwangu, kule kunateleza."

Nikapita upande wake.

Mdogo wako,
Wilhelmina